Makaa Ndani ya Nyumba ya Kontena

Nyumba ya kwanza ya kifahari niliyowahi kuingia ilikuwa sanduku la chuma. Ilikaa zaidi ya miezi mitano kwenye uwanja wa baba, hapa Gungu, Kigoma, juu ya matofali, na mimi niliiona tangu ina kutu mpaka ilipowekewa kioo cha kujitazama chenye taa pembeni. Wakati huo nilikuwa kidato cha pili. Sasa niko kidato cha nne na nimeamua kuyaandika yale mambo kwa mpangilio, kwa sababu kwenye daftari langu la siku zile niliyaandika vipandevipande, na kipande kimoja mwanzoni nilikiruka kwa makusudi.

Baba ni fundi wa kuchomelea. Zamani alikuwa akitengeneza mageti, madirisha ya nondo na vitanda vya mabweni. Kisha akaja bosi. Mafundi walimwita hivyo, na mimi sitamwita vinginevyo. Alisema anataka kontena za futi ishirini zigeuzwe nyumba. Vibanda vya vocha na maduka ya simenti ndani ya kontena tulishaviona, hakutaka hivyo. Alitaka nyumba ya kulala wageni wenye hela zao: kitanda cha kukunjwa ukutani, bafu la maji moto, kiyoyozi, kajiko kadogo ka vigae, na upande mmoja mzima kioo, ili mtu akiamka alione ziwa kabla hajaiona miguu yake. Na iwe ya kuhamishika. Ufukwe huu ukimchosha, kreni inainyanyua, lori linaibeba, inakwenda kukaa ufukwe mwingine.

Kontena zilikuwepo. Zilikuja na treni zimebeba mizigo ya kuvuka ziwa, nyingine vyakula vya wakimbizi, zikabaki karibu na bandari zikiota kutu. Baba alianza kwa kukata. Ukikata ubavu wa kontena hovyo, paa linabonyea, kwa hiyo kabla hajagusa ukuta alichomelea nguzo na mihimili ya chuma kuzunguka pale kioo kitakapokaa. Kisha zikaja fito za mbao ndani, katikati ya fito sponji la njano la kuzuia joto, na juu ya sponji mbao laini zilizopakwa rangi nyeupe. Bila lile sponji, baba alisema, mgeni angeiva humo kama ndizi.

Mafundi wake wawili walikuwa na maneno. Mmoja alisema ukilala humo, asubuhi unaamka unajiamkia shikamoo mwenyewe. Vijana wa bodaboda walikuwa wakisimama getini kupiga picha, wanaiita geto la mastaa.

Mimi nilipita pembeni. Mimi ni mtu wa haya, na haya zangu si zile ambazo watu husifu kwa msichana. Ni kama ugonjwa. Mgeni akiingia kwetu naweza kujibanza stoo nusu saa mpaka aondoke, halafu mama ananisema kwamba nimemfanya aonekane hajazaa. Darasani najua jibu na linabaki mdomoni. Ndiyo maana naandika.

Mama mdogo alikuja miaka ile ile, wakati watu walipokuwa wakikimbia Burundi kwa maelfu. Ni mdogo wake mama, tumbo moja. Aliolewa ng'ambo ya mpaka kabla sijazaliwa, jambo la kawaida kwetu, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana na watu wameoana tangu zamani. Alishuka milimani kwa miguu mpaka Kagunga, akakaa pale ufukweni siku nyingi na umati usiohesabika, mpaka meli ilipomleta Kigoma. Mama alikuwa akienda kuwatazama watu wanaoshushwa kila meli ilipofika. Siku moja akampata. Alimshika tu masikio, yote mawili, kama mtu anayehakikisha kitu alichonunua.

Mume wake hakuwa naye. Walipotezana njiani, usiku wa kukimbia, mama mdogo akafuata kundi la wanawake. Mwili hakuna aliyeuona. Kwa hiyo kwa mama mdogo alikuwa hai, na alikuwa amechelewa tu.

Mama mdogo na wenzake wa meli waliandikishwa, wakapakiwa mabasi, wakapelekwa kambini, mbali huko njia ya Kasulu. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Mama mdogo alipata kibali cha kuja kutibiwa macho, akafikia kwetu, na kikaongezwa mara mbili. Shida yake aliisema waziwazi. Kambini watu ni wengi, aliyeletwa jana anaweza kukaa upande wa pili usijue mwaka mzima. Lakini hapa mjini, meli ikitia nanga, watu wanashuka kwenye ubao mmoja mmoja na uso wa kila mtu unaonekana. Alitaka kukaa hapa, mahali ambapo mume wake lazima apite. Hakuomba kingine.

Baba alienda ofisi ya wakimbizi kuulizia. Akaambiwa huenda ikawezekana, kama kuna ndugu wa kumpokea na mtu wa kueleweka wa kuandika barua kwamba ana kazi halali mjini na atakuwa mdhamini wake. Ndugu tulikuwepo. Mtu wa kueleweka akawa bosi. Mama mdogo alikuwa fundi cherehani mzuri kuliko wote ninaowajua, na bosi alipoona mapazia aliyoshona ya dirisha la bafu akataka ashone ya nyumba yote, na foronya, na vitambaa vya viti. Akasema barua ataandika. Angekuja nayo Jumatatu, siku ya kuikagua nyumba.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Sikujua kwamba ni mizuri. Cherehani ilikaa kivulini mwa kontena na mimi nikitoka shule nilikaa chini kwenye mkeka kupindia pindo. Alikuwa ananiita mwana wanje, mwanangu, na hakuwahi kuniuliza kwa nini siongei. Aliongea yeye. Nyumba yenyewe ilimchekesha kuliko mafundi. "Kutoka kitandani kwenda chooni hatua tatu," alisema, "kutoka chooni kwenda kwenye chakula hatua mbili. Kwetu maskini ndiye anayeishi hivyo, na tena anaona aibu." Lakini niliona anavyoifuta vumbi. Alikuwa akilala chumba kimoja na mimi na wadogo zangu, na kabla ya hapo chini ya turubai. Kila sehemu ya ile nyumba aliigusa kwa kiganja, taratibu.

Sasa ile Jumamosi.

Baba alikuwa ameenda bandarini kuulizia kreni. Mama alikuwa sokoni akiuza migebuka yake, samaki wa ziwani. Mafundi walikuwa wamevuka barabara kunywa chai. Kazi ilikuwa imebaki kidogo sana: bomba moja la bafu, na pembe moja nyuma ya mlango ambayo mbao zake zilikuwa hazijapigwa, sponji la njano likionekana. Mama mdogo alimaliza kutundika pazia la mwisho, akarudi nyuma akalitazama, kisha akaniambia kwamba bado hii ni ghala. Haijawashwa.

Nilijua anachosema. Bibi yangu wa Kalinzi alifanya hivyo hivyo nyumba ya mjomba ilipokwisha. Nyumba mpya hailaliwi kabla haijaingizwa moto. Moto wenyewe hauwashwi kwa kiberiti, unachukuliwa kwenye jiko la nyumba yenye watu, unawekwa katikati, mwanamke anatupia ulezi kidogo kwenye makaa, mnasikiliza ulezi unavyodatadata, mnaomba, basi. Makaa yanatolewa nje. Mama mdogo alisema hawezi kumwachia mtu nyumba aliyoivalisha yeye ikiwa imekaa baridi hivyo, wageni wataota vibaya.

Mimi ndiye niliyechota makaa jikoni kwetu. Mimi ndiye niliyebeba jiko. Tulitandika bati chini ili sakafu isiungue, akatupa ulezi, ukadatadata, tukacheka kidogo. Aliwaombea watakaolala humo, ambao hatuwajui. Kisha akamwombea mume wake kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, na mimi nikatazama pembeni kwa heshima.

Akaniambia: "Toa jiko nje, mwana wanje, ufungue na dirisha. Naenda kuteka maji tufute majivu."

Nililibeba mpaka mlangoni. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, ukarudisha majivu ndani, kwenye mapazia meupe. Nikaona nikiliweka pale nje karibu, majivu yote yataingia. Kwa hiyo nikalirudisha ndani, nyuma ya mlango, kwenye ile pembe isiyo na upepo. Nilisema moyoni, dakika moja, upepo utulie. Kisha nikageuka nikakiona kitanda.

Kila mtu alikuwa amekijaribu. Mafundi, wadogo zangu, hata mama. Mimi peke yangu nilikuwa sijakilalia kwa sababu sikutaka kuonwa nimelala. Nikapanda. Nikatoa daftari. Niliandika: Leo nimelala kitanda cha tajiri, kinanukia gundi. Sentensi hiyo ipo mpaka leo, na baada yake kuna mstari mrefu wa wino unaokwenda mpaka ukingoni.

Sponji lile haliungui kama kuni. Linayeyuka, linatoa moshi mweusi mzito unaokaba. Niliposikia linavyochemka, mlango ulikuwa bado unapitika. Nikakimbia. Sikumwaga maji, sikuvuta jiko, sikupiga kelele. Nilikimbia mpaka nyuma ya rundo la mabomba ya baba nikachuchumaa.

Mama mdogo akatokea na ndoo. Akauona moshi. Akaita mwana wanje, akaita tena, na kwa kuwa hakujibiwa aliingia ndani kunitafuta.

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Nilimwona anaingia. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Sikutaka aingie, nampenda, na mdomo ulikuwa wazi.

Alitoka akikohoa, mkono wa kulia umeungua kutoka kiganja mpaka kiwiko, sponji lililoyeyuka limemgandia. Akaniona nyuma ya mabomba. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinipapasa kichwa, mabega, magoti, kwa ule mkono mzima, akisema ni mzima, ni mzima, kama vile anamwambia mtu mwingine. Mafundi walikuwa wamekuja mbio na mchanga. Moto ukazimwa haraka. Lakini dari yote ilikuwa nyeusi, na mapazia, na kitanda.

Baba alifika mama akiwa amesharudi kutoka sokoni, tayari anamfunga mama mdogo mkono. Alichungulia ndani, akatoka, akasimama.

"Nani kaingiza moto humu?"

"Ni mimi, shemeji," mama mdogo akasema. "Nilitaka kuifungua nyumba."

Baba akanigeukia. Akauliza mimi nilikuwa wapi.

"Nilikuwa nafua," nikasema.

Vidole vyangu vilikuwa vikavu na vina wino. Baba hakuvitazama. Mama mdogo alivitazama, kisha akamwambia mama aikaze kidogo ile bandeji.

Bosi alikuja Jumatatu kama alivyoahidi. Hakufoka. Pengine angefoka ingekuwa afadhali. Alizunguka ndani na leso puani, akakubali baba atengeneze upya kila kilichoharibika na siku zisogezwe mbele. Kuhusu barua alisema kazi ya mikono ya yule mama ni safi, hana ubishi nayo, ila jina lake hawezi kuliweka kwa mtu anayewasha moto ndani ya nyumba ya watu. Baba akamweleza habari ya mila. Bosi akasikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akaondoka na karatasi ndani ya mkoba. Nadhani barua ilikuwa imeshaandikwa.

Jioni baba alisema maneno. Alikuwa amechoka, kazi ya miezi mitano imekuwa masizi, na najua si mtu wa hivyo. Alisema hawa watu wamezoea kuishi kwenye moshi, ukiwapa mahali pazuri hawajui pa kushika. Mama mdogo alikuwa chumba cha pili, anasikia kila kitu.

Mama akaweka chini sufuria. "Hawa watu ndio sisi," akasema. "Umenioa mimi kutoka kwa hawa watu."

Kibali kilikuwa kimebakiza siku mbili, na safari hii hakuna aliyekwenda kuomba kiongezwe. Nilikuwa na siku mbili nzima za kusema. Nilijipangia: nikimaliza kuosha vyombo nasema. Wakishakula nasema. Baba akiwasha redio nasema. Alfajiri tulimsindikiza stendi, na pale kwenye basi mama mdogo aliniomba kitu kimoja, kwamba meli ikija, kama nina nafasi, nitazame. Mrefu, ana pengo juu, anatembea kama anayeogopa kukanyaga kitu. Nikaitikia kwa kichwa. Akangoja kidogo, kana kwamba ananipa nafasi.

"Safari njema, mama mdogo," nikasema.

Nyumba ikatengenezwa upya. Ikapendeza kuliko mwanzo, mapazia sasa ya dukani. Siku kreni ilipoinyanyua watu walijaa, na mihimili ya baba haikupinda hata kidogo, kioo kikapita juu ya vichwa vyetu kikionyesha mawingu. Ikashuka kwenye lori taratibu. Watu wakapiga makofi, bosi akamshika baba mkono akaagiza nyingine mbili. Baba alicheka, akanitafuta kwa macho akitaka nami nicheke. Nikageuka nikaingia ndani kutafuta daftari.

Jioni ile nililiweka daftari mezani kwake, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye ule mstari. Chini yake nilikuwa nimeandika yote, kuanzia makaa. Nikaenda kusimama uani.

Alitoka baada ya muda mrefu. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Alikaa kwenye ngazi, akauliza kama mama ameliona daftari. Nikasema hapana. Akasema tusimwambie kwanza, tumlete kwanza mama mdogo. Bosi anazo nyumba nyingine mbili za kuvalishwa, ataongea naye upya, atamwambia kosa lilikuwa la mtoto. Kisha akasema, polepole, kwamba na yeye ana maneno yake ya kwenda kuyaondoa.

Ilichukua zaidi ya wiki kupata ruhusa ya kuingia kambini. Mama tulimwambia tunakwenda kumsalimia, akatupa migebuka mikavu, sabuni, na kanga mpya. Sijawahi kuona safari ndefu kama ile. Baba alinifundisha njia nzima namna atakavyoanza yeye, halafu nimalizie mimi. Nilikariri.

Tulimkuta mwanamke wa nyumba ya jirani, anayetwanga. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa na watu wengine, watoto wanne mlangoni. Yule jirani akatwambia mama mdogo alijiandikisha na wanaorudi kwao kwa hiari. Mabasi yaliondoka Jumanne. Sisi tulifika Ijumaa. Aliondoka akisema hatamngoja tena mtu mahali asipoweza kuona nani anapita, afadhali akamtafute mwenyewe kule kule walikopotezana.

Baba aliuliza kijiji gani. Jirani hakujua. Akauliza simu, hakuna. Akauliza kama aliacha maneno yoyote.

Jirani akanitazama mimi, juu mpaka chini. "Alisema akija msichana mwembamba, asiyejua kusalimia, nimwambie mkono umepona."

Baba akageuka akatazama upande wa barabara. Nikamwamkia yule mama, shikamoo, nimechelewa kabisa, akaitikia marahaba na kuendelea kutwanga. Migebuka tukamwachia yeye. Kanga baba aliikunja akairudisha kwenye mfuko.

Tulirudi na gari mpaka tukaanza kuliona ziwa. Hapo baba akasema mama nitamwambia mimi mwenyewe, yeye atakaa karibu lakini hatanisaidia.

Mama alikuwa anamenya mihogo. Aliuona mfuko wa kanga mkononi mwa baba akaacha kumenya. Nikasimama mbele yake nikaanza na makaa, nani aliyeyachota, nani aliyelirudisha jiko ndani na kwa nini. Nikasema habari ya mabomba na kwamba nilimwona anaingia. Nikasema sikuwa nafua. Nikasema habari ya Jumanne. Sauti yangu ilitoka yote, tena kubwa, mpaka wadogo zangu wakaja mlangoni.

Mama hakunipiga wala hakulia mbele yangu. Alikaa akiushika ule muhogo, na alipouliza aliuliza kitu ambacho baba na mimi njia nzima hatukuwa tumekifikiria.

"Siku anapanda basi, alikuwa na mtu wa kumshikia mzigo?"

Tulitazamana na baba.

"Hatukuuliza, mama," nikasema.